Jicho la Gumegume

Katika mji huu wakati haupiti. Hubebwa.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo pekee ambalo watu wote hapa wanalikubali bila ubishi, na anayetaka kufikiri sawasawa ni vyema aanzie penye ardhi ngumu. Wakati ni mzigo. Una kitako, una pembe, una harufu ya mikeka iliyolowa. Mtu mmoja huubeba kwa niaba ya wengine wote, na sisi wengine tunaishi kivulini mwake: tunaoa, tunazika, tunapika, tunasema "jana" na "kesho" kana kwamba maneno hayo yanasimama yenyewe. Hayasimami yenyewe. Yamesimama juu ya shingo ya mtu. Kwa kipindi hiki tulichomo, shingo hiyo ni ya kaka yangu Machano.

Wazo hili hatukulibuni. Tulilitoa kwa Wamaya, watu wa misitu ya Amerika ya Kati, ambao katika baadhi ya mawe yao walichonga miungu iliyoinama, kila mmoja amebeba kipindi cha wakati mgongoni, ukanda wa mzigo umepita kwenye kipaji cha uso, namna ile ile ambayo akina mama wa milimani hubeba kuni. Kipindi kikiisha, mbebaji hutua. Mwingine huinama, hufungwa ukanda, huondoka nao. Nimeyasoma mawe hayo na kuyafundisha chuoni tangu nilipokuwa na nywele nyeusi. Ninavyoamini mimi, kwa Wamaya ile ilikuwa picha, njia ya kulisema jambo zito kwa macho. Mji wetu ulipoletewa picha hiyo haukuichukua kama picha. Ulitafuta mtu mwenye shingo.

Machano alikuwa msokota kamba za usumba wa nazi. Walimchagua kwa upana wa mabega, na yeye alikubali kwa sharti moja, kwamba ukanda ausokote mwenyewe, kwa kuwa hakuamini kamba ya mtu mwingine. Aliusokota vizuri. Haujalegea hata uzi mmoja. Mzigo wenyewe, siku alipofungwa, ulikuwa mdogo, karibu wa kuchekesha, kama furushi la mtu anayekwenda kulala ugenini. Lakini kila linalotokea mjini huingia humo, na halihitaji mtu wa kulitia. Akifa mtu mtaa wa pili, kaka yangu hushusha pumzi na kusogeza mguu. Akizaliwa mtoto, hivyo hivyo. Kuzaliwa, ameniambia, ndiko kuzito zaidi.

Alinizidi umri tulipokuwa wadogo. Hilo lina mashahidi. Siku hizi sina hakika. Mbebaji hazeeki kama watu wengine, kwani wakati uko juu yake, haumo ndani yake. Ndevu zake ni zile zile za siku alipoinama, mimi nimeota mvi. Kuna siku husikia hatua zangu akaniita Baba. Mara ya kwanza nilimsahihisha. Baadaye nilijitazama katika beseni la maji, nikaona kwamba kosa lake lina msingi.

Kanuni ya kutua ni fupi. Mbebaji anapofungwa ukanda, jiwe huchimbwa, na mchongaji huanza kuichonga sura ya mbebaji humo. Macho huchongwa mwisho. Siku macho yote mawili yatakapokuwa wazi, kazi imekamilika, mbebaji anatuliwa, na Baraza la Nyakati, ambalo hutawala kwa muda wa mzigo mmoja tu, linaondoka kupisha lingine. Kabla ya hapo ni marufuku mtu yeyote kuugusa mzigo. Kanuni hii si ya Wamaya. Nililieleza Baraza, zaidi ya mara moja, kwamba sijaona ushahidi wa jambo kama hilo katika jiwe lolote. Baraza lilinishukuru kwa elimu yangu.

Naongeza moja, ili msomaji ajue kinachopimwa katika kisa hiki. Mbebaji akianguka na mzigo, hainuki. Kwa muda sasa, goti la kulia la Machano lilikuwa limeanza kutetemeka.

*

Sijui uwanja wa jiwe uko upande gani wa mji. Nimeuendea kutoka pande zote na kila mara nimeingia kwa kichochoro kile kile, chenye ukuta wa chokaa kushoto na mlango usio na nyumba kulia. Jua la uwanjani liko utosini. Halijasogea siku nyingi, ikiwa "siku" ndilo neno. Kipindi kilichokawia kuisha huvutika kama unga ulioumuka, na saa za mchana zimevutika hadi zimekuwa nyembamba, mtu anaweza kuona mwanga upande wa pili.

Katikati limesimama jiwe, refu kuliko mlango wa msikiti. Ni jiwe la majivu ya volkeno, aina ambayo Wamaya wa mji wa Copán waliitumia. Likitoka machimboni ni laini, linakubali chuma, kisha hewa hulikausha likawa gumu. Bi Sikudhani, mchongaji, hakuiga kitu. Wengine waliojaribu sanaa ya namna hii walinakili kilemba cha mfalme, wakanakili nyoka, wakapata jiwe la kuuzia watalii. Yeye kilemba alikijenga kwa nondo na mabati ya paa yaliyokatwa nyembamba yakapindwa kama manyoya marefu ya ndege, na upepo ukipita yanatoa mlio. Vipuli vya masikioni ni beringi za lori. Mwili wote ameupaka rangi nyekundu ya udongo, kwa kuwa mawe ya kale nayo yalipakwa nyekundu, ingawa leo tunayaona ya kijivu na kudhani ndivyo yalivyokusudiwa. Uso ni wa Machano. Nimeulinganisha kwa kamba na kwa macho. Ni wake, isipokuwa kwamba umeinuliwa. Uso wa nyama hutazama chini.

Nilimkuta Bi Sikudhani ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Nyuma yake, ndani ya uzio wa kamba, kaka yangu alikuwa amesimama ameinama.

"Mwalimu Pandu umefika," akasema Bi Sikudhani. "Njoo umtazame ndugu yako wa jiwe. Huyu wa nyama nimechoka naye, kazi kulalamika."

"Nasikia," akasema Machano.

"Sikia, baba. Masikio ndiyo kitu pekee kisichokuuma."

"Yananiuma kwa mdomo wako."

Bi Sikudhani akacheka, kisha akaacha kucheka kwa ghafla, kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni. Akanivuta mkono hadi juu ya jukwaa la mbao, mbele ya uso.

Jicho la kulia lilikuwa wazi. Lilikuwa jicho zuri, na nimelitaja zuri baada ya kufikiri. Mahali pa jicho la kushoto palikuwa na uvimbe wa jiwe jingine, jeusi, linalong'aa kama mafuta, ukubwa wa yai la bata. Aliugonga kwa kitako cha nyundo. Ulilia kama reli.

"Gumegume," nikasema.

"Gumegume. Limevunja tindo zangu mpaka nimeona aibu kwenda kwa mhunzi. Nimejaribu mashine, mashine imetoa cheche ikanyamaza. Sasa sikiliza." Akaweka sikio lake kwenye shavu la sanamu na kugonga tena, polepole, akisogeza nyundo kuelekea sikioni. "Mzizi wake umekwenda mpaka kisogoni. Nikilipasua, uso wote unatoka nalo."

"Na uso ukitoka?"

"Jiwe limebatilika. Linachimbwa jingine, naanza na vidole vya miguu." Hakutazama uzioni. "Na yeye anaendelea kusimama."

"Ukiliacha?"

"Jicho moja si macho mawili. Ngwali wa Baraza ameniambia hivyo kwa mdomo wake, na alikuwa akitabasamu, mwalimu. Mtu gani anatabasamu akiona jiwe limeharibika?"

Nilijua ni mtu gani. Ni mtu ambaye kiti chake hudumu kadiri mzigo usivyotuliwa. Hilo si tuhuma, ni hesabu.

Nilishuka nikamwendea kaka yangu. Mlinzi wa uzio aliniruhusu kusimama hatua chache. Machano hawezi kuinua kichwa. Watu anawajua kwa miguu yao, na miguu yangu anaijua kwa kidole kilichopinda. Alianza kusema kabla sijamsalimu, kwa namna yake ya siku hizi, ambayo nainukuu kama ilivyo.

"Shingo si yangu tena. Niliiazima. Kwa nani, sijui, lakini ataidai. Humu ndani leo kuna kitu chenye kona, kinanichoma hapa, chini ya bega. Nani amegombana na mkewe? Waambie wapatane. Hapana, waache, kupatana nako kuna uzito wake. Baba, umekuja kwa miguu? Si Baba. Pandu. Kidole cha Pandu. Nikitua nitatazama juu, mdogo wangu, hilo tu, sina haja ya ugali wala kitanda. Nataka kumwona mtu mrefu chini ya kidevu. Nimesahau watu wakoje chini ya kidevu."

"Goti likoje?"

"Linacheza ngoma yake. Mimi sikulialika."

"Utaweza kungoja jiwe jingine?"

Mahali fulani mjini mtu alikufa, au alizaliwa, kwa kuwa kaka yangu alishusha pumzi na kusogeza mguu.

"Hapana," akasema.

*

Je, kitu huwa kamili kwa kufanywa, au kwa kutangazwa? Nililifikiri swali hilo nikingoja Baraza, na nilifikiri kwamba nina jibu, kwa sababu lilikuwa jibu la ushahidi. Mfinyanzi akiuweka mtungi kwenye tanuri na moto ukaupasua, hakuna tangazo litakaloufanya ushike maji. Upande mwingine, mtoto huzaliwa akiwa na viungo vyote na bado haitwi mtu mjini hapa hadi apewe jina. Mtungi uko upande wa mambo, mtoto yuko upande wa maneno. Mzigo wa kaka yangu ulikuwa wapi? Niliona unauma, kwa hiyo nikauweka upande wa mambo. Baraza lilikuwa na haki ya kutangaza lini utatuliwa, nilidhani, lakini halikuwa na uwezo juu ya kuwepo kwake. Hapo niliishia, na wakati ule nilidhani pale ndipo mwisho wa hoja. Ni kawaida ya mtu mwenye ushahidi mzuri kuliona shamba lake kuwa ndilo dunia.

Na ushahidi wangu ulikuwa mzuri. Jiwe la Copán lina magumegume ndani yake kama mbegu katika boga. Wachongaji wa kule walipoyakuta, mara nyingine waliyang'oa na kuacha tundu. Mara nyingine waliyaacha yalivyo, yakatokeza kwenye nguo au kwenye pambo, na mchoro ukapita kando yake au ukayameza. Jiwe likasimamishwa hivyo hivyo, likapakwa nyekundu, likaheshimiwa. Ikiwa watu tulioazima kwao wazo zima hawakuliona jiwe lao pungufu kwa sababu ya gumegume, sisi tunapata wapi ukali wa kuwazidi?

Nilimweleza Bi Sikudhani. Alinitazama kama mtu anayepewa maji na kuogopa ni ndoto.

"Utalisema hivyo hivyo mbele yao?"

"Nitalisema kwa kuwa ndivyo lilivyo."

"Mwalimu, wewe ungekuwa mwanamume wa kuchekesha ningekuoa." Kisha akapaza sauti kuelekea uzioni. "Machano! Jitayarishe kuona videvu!"

Kaka yangu alicheka. Mzigo ulitikisika, na mlinzi akapiga hatua mbele kwa hofu.

*

Baraza lilikuja chini ya mwavuli mmoja. Ni watu watatu, lakini wawili sijawahi kuwasikia wakisema, na siwezi kuapa kwamba si mtu mmoja. Wa tatu ni Mheshimiwa Ngwali, mwenyekiti, mwembamba, mwenye adabu, sauti ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Watu walikuwa wamejaa uwanjani. Habari za jicho zilikuwa zimezagaa.

"Bwana Pandu," akasema Ngwali, "wewe ni nduguye mbebaji. Wengine wangekukataa kwa hilo. Mimi nasema hapana, kwa kuwa najua hutasema usilolijua hata kwa ajili ya ndugu. Naomba unisaidie. Gumegume ni jicho?"

Nilieleza yote niliyokwisha kuyaandika hapo juu, kwa mpangilio ule ule. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo jiwe linaweza kuwa kamili na gumegume lake?"

"Kwa ushahidi uliopo, linaweza."

"Hata kama hakuna mkono wa mtu uliolichonga pale?"

"Hata hivyo."

"Una hakika, bwana mkubwa? Sitaki kesho tuambiwe tulikusikia vibaya."

"Nina hakika."

"Baraza linakubali," akasema Ngwali. "Gumegume ni jicho, na liko wazi."

Uwanja mzima ulilipuka kwa vigelegele. Mwanamke mmoja alimrukia mlinzi akamkumbatia. Nilimwona Bi Sikudhani amekaa chini vumbini, kiganja kinywani. Ndani ya uzio, Machano alikuwa akiuliza, "Nini? Nini?" kwa miguu iliyokuwa ikimpita.

Ngwali alingoja kelele zipungue. Ni mtu anayejua kungoja.

"Limebaki dogo," akasema. "Bi Sikudhani, dada yangu, simama tukuone. Mji wote unajivunia kazi yako. Hebu tufundishe sisi tusiojua kuchonga. Hili jicho la kulia, lililo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, lilikuwa wapi kabla hujalichonga?"

Kuna jambo ambalo wachongaji wote husema. Wamaya sijui kama walilisema, ila wachongaji wote niliowajua hulisema, kwa wanafunzi, kwa wageni, kwa wanunuzi, na wakiwa peke yao. Ni adabu ya kazi na pia ni majivuno yake. Bi Sikudhani alikuwa na furaha, machozi yalikuwa yakichora mistari kwenye vumbi la mashavu yake, naye alisifiwa mbele ya mji. Alijibu kama anavyojibu siku zote.

"Lilikuwemo ndani, Mheshimiwa. Mimi nimeondoa ziada tu."

Alimaliza kusema ndipo akasikia alichokisema. Niliona anasikia.

"Ahsante," akasema Ngwali. "Basi mambo yamenyooka. Jicho la kushoto, kwa ushahidi wa Bwana Pandu, halikuhitaji mkono wa mtu. Lilikuwa wazi tangu machimboni. Jicho la kulia, kwa ushahidi wa mchongaji mwenyewe, lilikuwemo ndani tangu machimboni. Macho mawili, tangu machimboni. Jiwe hili lilikuwa kamili siku lilipong'olewa ardhini. Kanuni inasema jiwe likikamilika mbebaji ametua. Basi Bwana Machano alitua siku ile ile aliyofungwa ukanda. Na Baraza lile likaondoka siku ile ile."

"Na nyinyi?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Sisi ni Baraza lililofuata," akasema Ngwali kwa upole. "Viti vilikuwa wazi, hakuna aliyekuja kuvidai. Tuliona vibaya kuviacha vikipigwa na vumbi."

Baadhi ya watu walicheka. Kicheko kile kilikuwa kura.

"Mheshimiwa," nikasema, "hiyo si hoja yangu."

"Ni yako, mwalimu. Mimi nimeifuata tu hadi nyumbani kwake. Wewe ulikuwa umeishia njiani."

"Mzigo uko mgongoni mwake. Kila mtu anauona."

"Tunauona," akakubali. "Tunaona mtu aliyeinama kwa namna ya kugusa moyo, karibu na sanamu ya mtu aliyeinuka. Mmoja nyama, mmoja jiwe. Bi Sikudhani, sikujua kama ulikusudia hivyo, lakini hongera. Mzigo umeshatuliwa. Hiyo ni sanaa."

Akamwashiria mlinzi. Mlinzi aliikunja kamba ya uzio, akaitupia begani, akaenda zake nyumbani. Baraza likaondoka chini ya mwavuli wake mmoja.

*

Sasa mtu yeyote angeweza kumsogelea. Ndiyo sehemu ninayoieleza kwa taabu, kwa sababu kila kilichokatazwa kilikuwa kimeruhusiwa. Watu waliingia mahali palipokuwa uzio. Walimzunguka kaka yangu, wakampiga picha kwa simu zao, wakawasogeza watoto karibu naye ili waonekane wote, wakasifu jinsi mishipa ya shingo ilivyofanywa.

"Mtazame jasho. Jasho la kweli kabisa."

"Ujumbe wake ni nini lakini?"

"Ujumbe ni kwamba sote tuna mizigo."

"Wewe mzigo wako ni uvivu tu, Sharifa. Sogea nipate picha."

Bi Sikudhani alikuwa wa kwanza kufika nyuma yake. Alipenyeza mikono chini ya kitako cha mzigo, miguu ameitanua, kama alivyoinua mawe maisha yake yote, akavuta. Nilimwona akiyumba kwa nguvu zilizokosa pa kukaa. Akajaribu tena. Vidole vyake vilipita katika mikeka kama vinavyopita katika moshi, vikakutana vyenyewe kwa vyenyewe. Akavitazama.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "hakuna kitu."

Nikaangalia kipaji cha uso cha kaka yangu. Ukanda wa usumba ulikuwa umezama katika nyama hadi ngozi imejikunja juu yake. Goti lilikuwa likitetemeka vibaya kuliko awali. Yote mawili yalikuwa kweli: mikono yetu haikupata kitu, na kitu kilikuwa kikimponda. Nilitafuta kosa katika hoja ya Ngwali. Naendelea kulitafuta. Kinachonitisha si kwamba alisema uongo. Alichukua maneno mawili ya kweli, moja langu na moja la mchongaji, akayafunga pamoja, na mzigo ukaondolewa katika mikono ya mji mzima isipokuwa mahali pale ulipokuwa umekaa. Mji haukuwa na ubaya. Watu wa mji hawawezi kushika kisichokuwepo. Ni Machano peke yake ambaye hakuwepo mkutanoni. Alikuwapo tu chini ya mzigo.

"Pandu," akasema. Alikuwa ameona kidole changu. "Wamesema nini?"

"Wamesema umeshatua."

"Lini?"

"Zamani. Siku ya kwanza."

Alilifikiri hilo. Jasho lilidondoka kwenye ncha ya pua yake, watu wawili wakalipiga picha.

"Mbona sikuambiwa?"

Nikasogeza mguu wangu karibu zaidi na wake.

"Basi si neno," akasema. "Maadamu wamekubali. Marufuku imekwisha?"

"Imekwisha."

"Na mlinzi?"

"Ameondoka."

Nilimsikia akivuta pumzi, si kwa ajili ya kifo cha mtu wala kuzaliwa kwa mtu, bali kwa ajili yake mwenyewe. Kisha akalisema neno ambalo kila mwenye mzigo katika nchi yetu hulisema afikapo mwisho wa njia, na ambalo anayelisikia, awe adui au mgeni, hana ruhusa ya kupita bila kusimama. Mzigo mkubwa mtu hajitui. Hutuliwa. Mwingine hushika kwa nyuma, mwenyewe hukunja magoti, wakashuka pamoja.

"Nitue," akasema.

Watu walipiga makofi. Mwanamume mmoja alipanguza machozi.

"Nitue, mdogo wangu. Goti halingoji."

Bi Sikudhani alinitazama akitikisa kichwa. Nikapita nyuma ya kaka yangu, mahali asipoweza kuona, nikatanua miguu, nikapeleka mikono yangu chini ya mzigo. Mikeka ilikuwa mbele ya macho yangu, ilivyosukwa, ilivyochakaa, na doa la maji. Vidole vyangu vilijifumba juu ya hewa, nayo haikuwa hata na joto.

"Umeshika?"

Sijawahi kusema nisichokijua. Ngwali alilisema hilo mbele ya watu, na ndiyo sifa pekee niliyokuwa nayo.

"Nimeshika," nikasema.

"Vizuri?"

"Vizuri, kaka."

"Haya. Tushuke taratibu."

Akakunja magoti. Mikono yangu ilishuka pamoja na mzigo, sambamba nao, kwa uangalifu wote, na watu walikuwa bado wakipiga makofi wakati kaka yangu, akiwa na uhakika kwamba mtu yuko nyuma yake, alipoilegeza shingo na kuniachia uzito wote.